Kwa mnaoandika risechi huku Kusini, andikeni mlikotoa

Msimu wa kukusanya risechi ukifika hapa Mtwara mjini steshenari zinajaa tangu asubuhi, wanafunzi wa vyuo wapo, walimu waliorudi kusoma wapo, watu wa kilimo nao wapo, kila mtu na flashi yake mkononi, na kwangu swali la kwanza huwa lile lile, dada fonti ni ngapi, pambizo niweke ngapi, kati ya mistari ni moja na nusu au mbili. Nawajibu na nawapangia, ndo kazi yangu na naipenda. Ila leo niseme kitu ambacho nakiona kila mwaka na kinaniuma, tunahangaika na sura ya karatasi mpaka usiku wa manane alafu lile swali lenyewe tunaliruka, haya uliyoandika umeyatoa wapi?

Marejeo, yaani ile orodha na yale majina ya vyanzo ulivyotumia, ni njia ya kurudi nyuma. Mtu akisoma ripoti yako akakuta umeandika kwamba mkorosho ukipigwa na ugonjwa wa ubwiriunga wakati wa maua mavuno yanashuka, ana haki ya kuifuata ile sentensi mpaka kwa aliyekaa shambani akapima, na kama aliyepima ni mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo pale Naliendele basi akute jina lake, mwaka, jina la makala, jina la jarida, na akienda huko aikute kweli. Hayo mambo ya koma iko wapi na mlazo (herufi za kulala) uko wapi yapo ili njia hiyo isipotee, na ukilielewa hilo kanuni nyingi zinaacha kuwa za kukariri.

Sasa kabla hujaandika hata mstari mmoja, ulizia chuo chako kinatumia mtindo gani na toleo gani, omba mwongozo wa idara, usimuige tu rafiki yako wa chuo kingine. Ualimu na sayansi za jamii wengi ni APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani, historia wengi wanatumia Chicago yenye tanbihi chini ya ukurasa, na wale mnaoambiwa Harvard mjue kabisa kwamba Harvard haina kitabu kimoja kinachoongoza dunia nzima, ni utaratibu wa jina na mwaka ambao kila chuo kimeupanga kivyake, kwahiyo Harvard ya chuo hiki na ya chuo kile zinaweza kupishana kwenye koma na mabano na zote zikawa sahihi nyumbani kwao. Huo utaratibu wa jina na mwaka wenyewe wengi wanaurudisha kwa Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa pale Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 kwenye makala kuhusu koa. APA yenyewe ilianza 1929 kama makala ya kurasa saba tu kwenye jarida, leo ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400.

Toleo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. APA ya saba ilitoka 2019 na ilibadilisha mambo, lakini miongozo mingi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp bado ni ya toleo la sita. Chukua kitabu cha kumbukumbu za maisha ya Rais Mkapa, mtu wetu wa Lupaso kule Masasi, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2019. Kwa toleo la sita ungeandika Dar es Salaam kisha nukta mbili kisha jina la mchapishaji, kwa toleo la saba mji umeondolewa, unaandika Mkapa, B. W., mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa mlazo, Mkuki na Nyota, basi. Na humo hakuna Mheshimiwa, hakuna Rais, hakuna Hayati. Hili najua linawapa watu tabu kwasababu sisi tumelelewa tusimtaje mtu mzima jina kavu, nimeshaona orodha za marejeo zina Prof., Dkt., Mzee na Sheikh, lakini kwenye orodha wote wanakaa sawa kwa jina la ukoo na herufi za mwanzo, heshima yao waandikie kwenye shukrani kule mbele, kule andika mpaka uridhike.

Nije kwenye jambo ambalo naona ndo moyo wa habari yote, na mfano wake uko hapa hapa kwetu.

Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, zaidi ya tani 200 zikapelekwa Berlin, na lile dinosaria kubwa lenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu limesimama mpaka leo kwenye makumbusho ya kule. Mwaka 1914 Werner Janensch akalipa jina la Brachiosaurus brancai. Baadaye wataalamu wengine wakaona halifanani vya kutosha na Brachiosaurus ya Marekani, na leo makala nyingi zinaliita Giraffatitan brancai. Sasa mwanafunzi anaandika kuhusu utalii wa Lindi, aya moja anasema Brachiosaurus, aya ya pili Giraffatitan, hamna mwaka hamna jina, msomaji anadhani ni madinosaria mawili! Angeweka mwaka tu kila kitu kingeeleweka, hili ni jina la 1914 na hili ni la wataalamu wa karibuni. Mwaka kwenye mabano unamwambia msomaji elimu ilikuwa imefikia wapi wakati huo.

Alafu kuna hili la kusema (Janensch, 1914) wakati Janensch aliandika kwa Kijerumani na wewe hujawahi kuishika hiyo kazi, umeikuta imetajwa kwenye makala ya mtu mwingine ukanyanyua. Hapo unadai umesoma kitu ambacho hujasoma. Namna ya kufanya ipo na ni rahisi, ndani ya maandishi unaandika Janensch, 1914, kama alivyonukuliwa na yule uliyemsoma, na mwaka wa huyo uliyemsoma, alafu kwenye orodha ya mwisho anaingia yule uliyemsoma peke yake. Kama yule wa pili alimnukuu vibaya, kosa linabaki kwake na msomaji anaweza kwenda kuhakiki mwenyewe. Ukiruka, umelibeba wewe. Ila usifanye risechi nzima iwe kama alivyonukuliwa, kama kazi ya asili inapatikana itafute uisome.

Na kuhusu Tendaguru kuna kitu kinanigusa zaidi. Ile kazi ya kuchimba na kubeba mifupa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi walifanya watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Dinosaria zilipewa majina ya Wazungu moja baada ya jingine, yeye jina lake limekuja kuingia kwenye jina la dinosaria mwaka 2007, Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja! Nikiwaambia wadogo zangu kwamba kutaja chanzo ni suala la haki namaanisha hivi, mtu aliyefanya kazi atajwe, na sisi wa Kusini tunajua vizuri kazi yako inavyoweza kusimama hadharani kwenye nchi ya watu na jina lako halipo.

Hapo hapo kwenye miaka niongezee Kilwa. Wanaoandika historia ya Kilwa lazima wamtaje Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, ni sawa, alifika Kilwa mwaka 1331, lakini naletewa kazi zimeandikwa (Ibn Battuta, 1331) kama vile alikaa ufukweni akachapisha kitabu. Hiyo 1331 ni mwaka aliofika. Safari zake zilikuja kuandikwa baadaye sana, zikakamilika 1355 huko Morocco, na wewe umesoma tafsiri iliyotolewa karne ya ishirini, kwahiyo aliyekutafsiria naye aonekane na mwaka wa tafsiri uwepo. Mwaka 1331 uweke kwenye sentensi, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliona hivi na hivi. Sensa nayo ni hivyo hivyo, sensa ilifanyika Agosti 2022 na ikatupa watu 61,741,120, lakini ripoti zake hazikutoka siku moja, nyingine zimetoka miaka iliyofuata, unaandika mwaka wa ripoti uliyoifungua na mwandishi ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mara ya kwanza jina zima, baadaye NBS inatosha.

Na URT jamani, yaani Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kwa kifupi cha Kiingereza. Kuna kazi unaikuta na URT, 2005 kila ukurasa, sheria ya stakabadhi ghalani ni URT 2005, sera ni URT 2005, ripoti ya wizara nayo URT 2005, ukienda kwenye orodha unakuta URT 2005 moja tu, sasa nijue ipi? Zikiwa na mwandishi mmoja na mwaka mmoja zinapewa herufi, 2005a, 2005b, 2005c, kwa kufuata alfabeti ya majina ya hizo nyaraka, na herufi hiyo hiyo inakaa ndani ya maandishi na kwenye orodha. Vizuri zaidi, kama ripoti ina jina la wizara au taasisi yenyewe juu ya jalada, tumia hilo, serikali ni kubwa mno kumwambia mtu akatafute humo.

Sasa wakulima. Risechi nyingi za huku ni korosho, ufuta, mbaazi, minada, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), gesi na wavuvi, maana yake nusu ya elimu iliyomo inatoka kwa watu mliokaa nao kwenye mkeka Newala au Tandahimba au Nachingwea mkawauliza maswali. Watu wananiuliza, dada huyu mzee nimuwekeje kwenye marejeo? Jibu la APA ni kwamba wahojiwa wa utafiti wako hawaingii kwenye orodha ya marejeo na wala hawaandikwi kama mawasiliano binafsi, maneno yao ni data yako wewe, unaeleza kwenye sura ya mbinu uliwapataje na uliwahoji lini, alafu kwenye matokeo unayaweka maneno yao ukionyesha ni ya mhojiwa, mkulima mwanamke wa Tandahimba kwa mfano, au namba uliyompa. Kama uliwaahidi hutawataja basi usiwataje kweli. Na hapa naomba muwe makini sana, ukiandika mwenyekiti wa AMCOS ya kijiji fulani ukataja na kijiji umeshamtaja, mana mwenyekiti ni mmoja na kijiji kizima kinamjua, na kama alikusimulia mambo ya malipo kuchelewa au mizani kuna watu atakutana nao msikitini Ijumaa hii hii.

Mawasiliano binafsi ni kitu kingine. Ni pale umempigia simu bwana shamba ambaye sio mhojiwa wako akakufafanulia kitu, tuseme ni muda gani salfa inapigwa kwenye mikorosho, umetumia jibu lake na kakuruhusu, basi ndani ya maandishi unaweka herufi ya jina lake na jina la ukoo, maneno mawasiliano binafsi, na tarehe kamili. Kwenye orodha haingii kwasababu msomaji hawezi kuipata ile simu aisikilize. Na wanaoandika historia, mfano wale wanaokusanya habari za wazee wa Mikindani, kwao mambo hugeuka, mzee akiridhia anatajwa kwa jina lake kamili na mahali na tarehe ya mahojiano kwenye tanbihi, kwasababu kwenye historia kujua nani amesema na alikuwa wapi ndo ushahidi wenyewe. Ndo mana nikasema ulizia idara yako kwanza.

Jambo lingine ambalo halisemwi sana ni wizi wa kutafsiri. Mwanafunzi anaandika risechi kwa Kiswahili, anachukua aya ya Kiingereza anaipitisha kwenye Google Translate, anarekebisha ngeli mbili tatu, anaibandika bila jina la mtu, na moyoni anaona ameandika mwenyewe kwasababu maneno ni ya Kiswahili. Wazo bado ni la mwenye nalo. Ukitafsiri unamtaja, ukisema kwa maneno yako unamtaja, ukinukuu neno kwa neno unamtaja na ukurasa unauweka, na nukuu ikifika maneno 40 kwa APA inashuka chini inakaa peke yake imesogezwa ndani bila alama za kunukuu. Njia nzuri ninayowaambia watu, soma ile aya mara mbili, funga laptopu, mweleze mtu aliyekaa pembeni yako, alafu andika ulivyoeleza, kisha ufungue uhakikishe hujapotosha. Hapo hata ile asilimia ya Turnitin, programu ya kukagua maneno yaliyofanana na kazi za wengine, inashuka yenyewe bila kubadili badili maneno kwa hofu. Na hiyo asilimia msiiogope kupita kiasi, inaonyesha maneno yanayofanana tu, hata nukuu ulizoziweka vizuri zinaweza kuhesabiwa humo, anayeamua ni msimamizi akisoma.

Sa hivi kuna hili la ChatGPT na ndugu zake. Nimeona orodha za marejeo zimepangika vizuri mno, majina yapo, miaka ipo, juzuu ipo, kurasa zipo, ukitafuta makala yenyewe haipo duniani. Hizi programu zinatunga marejeo, zinajua rejeo linavyofanana ila hazina uhakika kama kitu kipo. Mwaka 2023 mawakili huko New York walipeleka mahakamani kesi za kurejea walizopewa na ChatGPT, kesi hazikuwepo, jaji akawapiga faini ya dola 5,000, na hao ni mawakili wenye ofisi. Kuhakikisha sio kazi ngumu, makala nyingi za majarida zina DOI, namba ya kudumu ya kuitambua makala mtandaoni, nakili ile namba uiweke baada ya doi.org/ kwenye simu yako, ikifunguka makala yenyewe yenye jina lile lile uko salama, ikileta makala ya mambo mengine au ikakataa, ifute mpaka upate ukweli wake. Kwa ambayo haina DOI tafuta jina la makala lote kwenye Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma. Alafu ukiikuta ifungue uisome hata muhtasari na sehemu unayoitumia, kukuta jina tu haitoshi. Na kile kitufe cha kunakili rejeo pale Google Scholar kinasaidia lakini kinakosea herufi kubwa na majina, hasa majina yetu matatu, kinaweza kushika jina la kwanza kikaliweka kama la ukoo. Kagua.

Kuhusu kupanga sasa, kwa haraka. Vichwa vya habari vitengenezeni kwa mitindo ya Word yenyewe, ile Heading 1, Heading 2, msikoleze wino kwa mkono, ili yaliyomo yajipange yenyewe na mkibadilisha kitu mnabofya hapo mnabonyeza F9 namba zinajirekebisha. Wanaoandika nukta nukta nukta mpaka mwisho wa mstari kisha namba wanateseka sana siku ya mwisho. Namba za Kirumi kule mbele na za kawaida kuanzia sura ya kwanza zinahitaji Section Break, kile kikato cha Word kinachogawa waraka mmoja sehemu mbili, sio faili mbili. Orodha ya marejeo mstari wa kwanza unaanzia ukutani na inayofuata inaingia ndani nusu inchi, hiyo chagua orodha yote bonyeza Ctrl na T, usisogeze kwa kubonyeza spesi. Inapangwa kwa alfabeti, haina namba wala vidoti kama ni APA. Fonti APA ya saba inaruhusu kadhaa, Times New Roman 12 ni mojawapo, Calibri 11 pia, lakini chuo kikisema Times ni Times.

Na kama una laptopu yako pakua Zotero, programu ya kutunzia marejeo, ni ya bure, ipo tangu 2006, ukishaiweka inafanya kazi hata bando likiisha, unahifadhi kila unachosoma siku ile ile unayosoma na yenyewe inaunganika na Word. Siku ile ile, hilo ndo la kusisitiza, kwasababu watu wanasoma mwezi wa pili wanatafuta marejeo mwezi wa saba, hapo ndo majina ya uongo yanapoingilia. Asiye na laptopu atumie daftari, jina, mwaka, kichwa, mchapishaji, ukurasa, inatosha kabisa.

Ukija kuprinti njoo na PDF pamoja na ile ya Word, fonti na namba za kurasa zinahama ukifungulia kompyuta nyingine na PDF haihami. Na kabla ya kubaindi kaeni wawili wawili, mmoja ashike kurasa za ndani anasoma kila jina na mwaka anaokutana nao, mwenzake ana orodha na peni anatiki. Jina lililosomwa na halipo kwenye orodha linaongezwa, lililopo kwenye orodha na halikutikiwa linafutwa, mkimaliza ya mmoja mnabadilishana. Meza ya pale dirishani huwa naiacha wazi kwa ajili hiyo na hakuna malipo.